Pesa Zimfuate Mtoto Hadi Nyumbani

Kamati za ushauri za watoto katika kaunti za Migori na Homa Bay zina kazi ambayo hakuna afisi nyingine inayoifanya. Zinapaswa kuwaketisha pamoja chifu, polisi, mwalimu, muuguzi, mchungaji na afisa wa watoto, waulizane mtoto fulani alilala wapi jana, alikula nini na nani anayewajibika kwake. Zikiifanya kazi hiyo, mtoto hapotei. Zisipoifanya, anapotea huku kila mmoja akidhani yuko mikononi mwa mwenzake. Tukiwa hapa Suna, Migori, tunasema wazi kwamba kimya cha kamati hizi kimezidi, na wananchi wana haki ya kudai hesabu.

Hakuna anayeweza kusingizia sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makao, matibabu na malezi ya wazazi, tena kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2001 iliunda Baraza la Taifa la Huduma kwa Watoto, na chini yake yakaja mabaraza ya ushauri ya maeneo, mkuu wa wilaya (DC) akiwa mwenyekiti na afisa wa watoto akiwa katibu. Sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 26, 2022 imelidumisha Baraza hilo na kuzitambua kamati za ushauri mashinani. Mwezi mmoja kabla ya hapo, serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032. Shabaha yake ni kuwatoa watoto katika makao ya mayatima hatua kwa hatua, warudi kwa jamaa zao au wapokewe na familia nyingine, nayo majengo yale yageuzwe kuwa vituo vya kuzihudumia familia zenyewe.

Shabaha hiyo tunaiunga mkono kwa moyo wote. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto 40,000 nchini wanaishi katika makao hayo, na wengi wao wana mzazi aliye hai au jamaa anayejulikana kwa jina na kwa kijiji. Hawakupelekwa huko kwa sababu ya kukosa watu. Walipelekwa kwa sababu watu wao walikosa karo, unga na mahali pa kulala.

Safari za watoto wengi hufanana. Mama anafariki, baba aliishaondoka zamani kwenda kutafuta kazi, na watoto watatu wanahamia kwa nyanya yao, tuseme upande wa Kakrao. Nyanya ana shamba dogo la mahindi na kuku wachache. Muhula wa kwanza anajikaza. Muhula wa pili mkubwa wa watoto anatumwa nyumbani kufuata pesa za mtihani, wa kati anaanza kukosekana shuleni siku za soko, mdogo anaugua malaria na akiba yote inaishia hospitalini. Hapo jirani mwema anamwambia kuna makao ya watoto, wanalala kwenye vitanda vya ngazi, wanavaa viatu, na wafadhili wanalipa karo. Nyanya anakwenda kwa chifu kuomba barua. Barua inafika kwa afisa wa watoto, faili inafunguliwa, mahakama inatoa amri. Karatasi zote ziko sawa. Mtoto mmoja anaondoka, wawili wanabaki, na kuanzia siku hiyo ndugu hawa wanaonana likizoni, pengine wasionane kabisa.

Katika safari yote hiyo, kuna swali ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya barua kuandikwa: kingehitajika nini ili wote watatu wabaki na nyanya yao? Hilo ndilo swali la kamati ya ushauri. Na kwa kawaida jibu lake ni dogo sana likilinganishwa na gharama ya kumweka mtoto mmoja katika makao mwaka mzima, ukihesabu chakula, mishahara ya walezi, umeme, ulinzi na ukarabati.

Tena jibu hilo lilishajaribiwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2004 serikali ilianza kwa majaribio mpango wa kuzipa pesa taslimu familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hatari. Ulipopanuliwa, watafiti waliufuatilia katika wilaya saba za wakati huo, na miongoni mwazo zilikuwamo Migori, Homa Bay na Suba. Familia zilizopata pesa zililinganishwa na zile ambazo hazijapata. Matokeo yalichapishwa na yanasomwa dunia nzima: vijana wa familia zilizopata pesa walijiunga na shule ya upili kwa wingi zaidi, walichelewa kuanza mambo ya ngono, na wasichana wao walipata mimba kwa kiwango kidogo zaidi.  Tofauti ilikuwa pesa walizopewa walezi wao. Nyanya wa Suba na wa Migori waliifundisha dunia jambo ambalo kaunti zao wenyewe zinachelewa kulifuata.

Tuangalie sasa pesa hizo zilivyo leo. Zilianza kwa shilingi 500 kwa mwezi, zikapanda hadi 1,500, kisha 2,000. Hapo zikakwama kwa zaidi ya miaka kumi, huku unga, sukari, sabuni na mafuta ya taa vikipanda bila kuuliza. Kiasi ni hicho hicho kwa nyumba nzima, iwe na yatima mmoja au watano. Malipo yanatakiwa kutoka kwa wakati, lakini mara kwa mara yamechelewa, na mlezi aliyekopa dukani kwa ahadi ya pesa hizi za Inua Jamii anaona aibu kupita mbele ya duka hilo. Ukiongeza nauli ya bodaboda hadi kwa wakala na kurudi, zile 2,000 zinapungua kabla hazijafika nyumbani. Mwenye kutaka kufunga makao ya mayatima bila kurekebisha hili anawasukuma watoto kutoka kitanda hadi sakafu, kisha anaandika katika ripoti kwamba wameunganishwa na familia.

Kuna pigo jingine. Tangu 2003, fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi zimebeba sehemu kubwa ya huduma za mayatima kando ya Ziwa Victoria: sare, karo, chakula cha walio kwenye dawa, hata posho ya wahudumu wanaowatembelea watoto nyumbani. Ilikuwa lazima. Makadirio ya serikali ya 2014 yalionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Homa Bay alikuwa akiishi na virusi, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Miradi ilisimama katikati ya wiki. Wahudumu walirudisha faili na kwenda zao. Watoto waliokuwa kwenye orodha za miradi hiyo hawakupotea pamoja na miradi. Wako vijijini, na orodha zao ziko mahali fulani kwenye kompyuta au kwenye kabati. Kamati ya ushauri iliyo hai ingekuwa imeziomba orodha hizo mapema, ikazigawa kwa kila kata, na kumjua kila mtoto aliyebaki bila mtu wa kumjulia hali.

Si mayatima peke yao. Nenda kwenye migodi ya dhahabu ya Masara au Macalder siku ya shule, asubuhi. Utaona mama anapondaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, mtoto wa miaka mitatu amekaa kwenye vumbi kando yake, na kijana wa umri wa darasa la sita anabeba karai la udongo kwenda kwenye ubao wa kuoshea uliotandikwa gunia. Baadaye zebaki inamiminwa, inakamuliwa kwenye kitambaa kwa mikono mitupu, na kitonge kinachobaki kinachomwa motoni huku walio karibu wakivuta moshi wake. Sumu hiyo huharibu mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto ndio unaoumia kuliko wote. Polisi wakifanya msako, watoto hukimbia na kesho yake hurudi, kwa kuwa mama yao anahitaji mikono. Mtoto wa mgodini haokolewi kwa kupelekwa kwenye makao. Anaokolewa mama yake anapokuwa na njia ya kulisha nyumba bila mikono ya mtoto, shule inapotoa chakula cha mchana, na kunapokuwa na mahali salama karibu na mgodi pa kumwacha yule wa miaka mitatu.

Kwenye ufuo wa Mbita, Sindo na Muhuru Bay hali ni ile ile kwa sura nyingine. Vijana wa kiume wanalala kwenye mashua za omena usiku na kusinzia darasani mchana. Wasichana wanauziwa samaki kwa masharti ambayo kila mtu mzima ufuoni anayajua na anayanyamazia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay, na kiwango hicho hicho katika Migori, walikuwa wamewahi kushika mimba. Kitaifa ni asilimia 15. Kila mmoja wa wasichana hao ana mtu mzima au kijana mwenzake aliyempa mimba hiyo, ana shule inayopaswa kumpokea tena, na ana mtoto mchanga anayehitaji kulelewa. Hayo ni mambo matatu ya kamati moja, na mara nyingi yanaishia kwa mama ya msichana peke yake.

Kuria nako kuna somo ambalo halijafanyiwa kazi ya kutosha. Msimu wa tohara unapofika, kwa kawaida likizo ya Novemba na Desemba, wasichana hukimbilia kwenye makanisa na shule zinazowapa hifadhi wasikeketwe. Sheria ya 2011 imeharamisha ukeketaji, lakini mwishoni mwa 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa wanafunzi wengi kwa sababu ya Korona, wasichana walikatwa mchana kweupe na kutembezwa barabarani kwa shangwe. Wanaowapa hifadhi wasichana hawa wanafanya kazi ya heshima, nasi tunawashukuru. Swali letu linahusu Januari. Msichana aliyekaa hifadhini wiki sita akimkimbia baba yake anarudi kwa nani? Nani amezungumza na baba huyo, nani atamtembelea mwezi wa pili na wa nne, na ikiwa nyumbani hapakaliki, ni shangazi au familia gani iliyokwisha kuandaliwa kumpokea? Sheria ya 2022 inatambua malezi ya jamaa na malezi ya familia ya muda. Kamati inapaswa kuwa na familia za namna hiyo zilizochunguzwa na kupitishwa kabla msimu haujaanza. Kutafuta familia Desemba 28 ni kuchelewa.

Wapo watakaosema kwamba watoto ni kazi ya serikali kuu. Ni kweli kwamba maafisa wa watoto wanaajiriwa na idara ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, na pia afya, masoko na huduma nyingi ambazo bila hizo familia haisimami. Gavana Ochilo Ayacko wa Migori na Gavana Gladys Wanga wa Homa Bay hawawezi kumwachia kamishna wa kaunti jambo hili. Kamishna naye hawezi kumaliza kazi kwa kuongoza kikao. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye anatarajiwa kuwa mahakamani Jumatatu, kwenye kituo cha polisi Jumanne na kijijini kilomita arobaini kutoka hapo Jumatano, hana gari la uhakika wala mafuta. Kaunti inayonunua magari kila bajeti inaweza kumtengea moja.

Makao yenyewe tusiyafanye adui. Mengi yalianzishwa na makanisa na watu wa hapa wakati Ukimwi ulipokuwa ukimaliza vijiji, wakati ambapo nyanya mmoja alikuwa akizika mwana wa nne na serikali haikuwa na jibu. Huko Karungu, kituo cha Dala Kiye cha wamisionari wa Camillus kilipokea watoto ambao wengine waliogopa hata kuwagusa. Heshima hiyo haifutiki. Ila tangu Novemba 2017 serikali imesimamisha usajili wa makao mapya, na walio na makao ya zamani wanajua upepo unaelekea wapi. Wapewe mpango na muda. Jengo lenye jiko, visima na madarasa linaweza kuwa chekechea, kliniki ya watoto walemavu, mahali pa chakula cha mchana na pa kufanyia kazi za shule jioni. Mfadhili anayelipia kitanda cha mtoto mmoja aombwe alipie karo ya mtoto huyo huyo akiwa kwa nyanya yake. Wako watakaokubali wakielezwa vizuri. Nao watakaokataa watakuwa wametuonyesha kwamba walichotaka ni picha ya mtoto.

Rwanda ilianza safari hii kabla yetu. Mwaka 2013, ikishirikiana na UNICEF, ilianzisha mpango wa kuwahamishia kwenye familia watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa katika makao, na wengi wao walikwisha kupata familia ndani ya miaka michache. Ilifanikiwa kwa kuwa iliajiri wataalamu wa ustawi wa jamii na kuwapanga wilayani, ikawafundisha watu wa kujitolea katika kila kijiji, na haikumtoa mtoto kabla ya kuijua nyumba anayokwenda. Majirani zetu Kisumu na Nyamira nao wamejaribu mageuzi haya mapema kuliko sisi. Hakuna haja ya ziara ya Ulaya kujifunza. Basi la asubuhi kutoka Migori linafika Kisumu kabla ya chakula cha mchana.

Tunachotaka kwa kamati za Migori na Homa Bay hakihitaji sheria nyingine. Zikutane kila robo ya mwaka bila kukosa, na baada ya kila mkutano zibandike kwenye afisi ya chifu na kwenye ukumbi wa kata ukurasa mmoja tu: watoto wangapi wako katika kila makao ya kaunti hii, wangapi wamerudishwa nyumbani robo hii, wangapi kati yao wametembelewa tangu warudi, na wangapi wamerudi tena barabarani. Bila majina. Hesabu tu. Mtoto aliyerudishwa asipotembelewa ndani ya mwezi wa kwanza, mwenyekiti aeleze kwa nini. Mgodi wenye watoto utajwe kwa jina la mahali, na mwenye shimo aitwe.

Viti vya kamati pia viangaliwe upya. Kwa sasa ni vya wakubwa wa afisi, na wakubwa wa afisi wana mikutano mingine. Tunataka angalau mlezi mmoja anayelea mayatima kwa mikono yake, na kijana mmoja aliyekulia katika makao akatoka. Kenya ina chama cha vijana hao, na wana mambo ya kusema kuhusu siku mtu anapofikisha miaka 18, anapewa begi na kuonyeshwa lango bila kujua shamba la babake liko upande gani. Bunge la Watoto lipo. Wawakilishi wake waitwe kwenye vikao vya kamati ambako sauti yao itasaidia kitu, wasiitwe Juni 16 peke yake kukariri mashairi mbele ya hema la wageni.

Zaidi ya yote, kuwe na pesa zilizotajwa kwa jina. Mabunge ya kaunti za Migori na Homa Bay yatenge fungu la kuziongezea familia zinazopokea watoto kutoka makao, juu ya zile 2,000 za serikali kuu, kulingana na idadi ya watoto walio nyumbani humo. Fungu hilo lilipwe kwa simu, kwa tarehe inayojulikana. Lilipe pia nauli ya wahudumu wa kujitolea wanaotembea kutoka boma hadi boma, ambao tumewafanya waishi kwa shukrani muda mrefu mno.

Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha, waraka wa mwelekeo wa fedha wa kaunti unawasilishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni katika kila wadi. Tunawaomba walezi wa Suna Mashariki na Suna Magharibi, wa Nyatike, Kuria, Rongo, Mbita na Oyugis wahudhurie vikao hivyo na waulize jambo moja: fungu la watoto wanaorudi nyumbani liko ukurasa wa ngapi, na ni shilingi ngapi? Nasi tutayasoma makadirio hayo ukurasa kwa ukurasa, na tutachapisha majina ya madiwani waliolipigia kura fungu hilo na ya waliolikataa.